Bunduki si Mkuki

Kamuli, mchana

Mwanangu Evodius,

Sikuandikii kukujulia hali. Hali yako naijua, mchana umekula ndizi sahani mbili na ukaomba mchuzi. Dhumuni la barua hii ni hasira. Nimeona niiandike sasa hivi, wakati umekwenda Isingiro kuwaaga wenzako, kwa sababu nikingoja urudi nitakupikia, utanitania, nitacheka, na kesho alfajiri utapanda basi la Mwanza bila kusikia nilichotaka kukuambia. Hasira yangu haidumu mbele ya mtu anayekula chakula changu. Hiyo ndiyo kasoro yangu, na baba yako mdogo Projestus ameifaidi miaka mingi.

Mambo ya kufua soksi na kuamka mapema sitayasema. Una akili, na usipokuwa nayo Mwanza watakupa. Wala sigombani na kazi unayoiendea. Ulinzi ni kazi. Kampuni itakukabidhi bunduki asubuhi, utasaini, jioni utairudisha na kusaini tena, na usiku utalala bila kuwa nayo uvunguni. Mtu anayeichukua na kuirudisha hivyo simwogopi.

Ninayemwogopa ni yule aliyesimama jana nyuma ya jiko langu akizungumza na Projestus. Ukuta wa jiko ni mabanzi, unaujua, wewe mwenyewe ulipigilia nusu yake. Mtu akisimama pale kwenye migomba, maneno yake yananifikia kama amekaa kwenye kigoda changu. Nilikuwa naipua ndizi za wageni wako. Nikamsikia baba yako mdogo anasema:

"Evo, huko kwenye kampuni kuna wakubwa wanaobadilisha silaha. Zile kuukuu hazitupwi. Nitafutie moja. Mkono kwa mkono, makaratasi ya nini?"

Ukanyamaza. Nikafurahi, nikajua unatafuta maneno ya heshima ya kumkatalia.

"Mrithi hana mkuki," akasema. "Watu wanatucheka. Mkuki wa kaka yangu lazima urudi kwenye nyumba hii."

Na wewe, niliyekubeba mgongoni mpaka kibanja chote nikakipalilia nikiwa na wewe, ukajibu, "Nitaangalia, baba mdogo."

Niliiweka sufuria chini nisije nikajimwagia. Ungesema ndiyo, ningejua una wazimu, ningeita watu. Ungesema hapana, ningetoka pale nikakukumbatia mbele yake. "Nitaangalia" ni neno la mtu anayengoja wengine waamue halafu yeye abaki msafi. Nalijua vizuri neno hilo. Nimelisema mara mbili maishani mwangu kwa habari ya bunduki, na nitakueleza lilinifikisha wapi.

Wewe unaijua bunduki moja tu ya nyumba hii, ile uliyoishika kwenye picha yako ya utotoni. Zilikuwa mbili.

Ya kwanza ilikuwa gobore. Ulikuwa hujazaliwa. Miaka ile huku mpakani watu walikuwa wanalala wamevaa viatu. Ukianika kahawa, asubuhi unakuta mikeka mitupu, na ukitoka kuuliza nani anagonga unaweza usirudi ndani. Baba yako alikuwa kijana, ameoa juzi, ana mke wa kumwonyesha kwamba ni mwanaume. Akaja jamaa mmoja mwenye ulimi laini, akamwambia ana bunduki ya wawindaji wa zamani, haijawahi kukosa. Wakaonana siku ya gulio, nyuma ya mashine ya kusaga. Baba yako akairudisha nyumbani ndani ya mzigo wa majani ya ng'ombe, anatabasamu kama bwana harusi. Nilipoitazama, bomba lake lilikuwa chuma cha usukani wa gari. Hata mimi niliyekuwa sijui kitu nililiona. Nikamwambia. Akaniambia wanawake hawajui silaha.

Siku aliyokwenda kuijaribu kule rweya, kwenye majani ambako hakuna nyumba, ilimpasukia. Lile kovu la shavuni uliloambiwa ni la pembe ya ng'ombe si la ng'ombe. Na sikio la kulia halikusikia tena mpaka anaingia kaburini. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unamwita mara tatu, mara nne, halafu unalia kwamba baba hakupendi. Hakuwa anakusikia, mwanangu, ulikuwa umekaa upande wa lile gobore.

Alipopona akamwendea aliyemuuzia. Yule bwana alikuwa anakunywa pombe ya rubisi na wenzake, hata mrija hakuutoa mdomoni upesi. Akamwambia, "Leopold, kama hukuridhika, polisi wako njia ile. Nenda kashitaki." Wote wakacheka. Baba yako akarudi kwa miguu. Nilikasirika mpaka nikataka kwenda mimi, lakini ningesema nini? Ukinunua kitu cha haramu umenunua na ububu. Umepunjwa, umeumizwa, na huwezi kufungua mdomo kwa sababu wa kwanza kufungwa ni wewe. Haya ndiyo Projestus anayoyaita mkono kwa mkono.

Ya pili aliinunua kwa haki, na sitaki uniambie baadaye kwamba mama alichukia tu kila kitu. Hapana. Ile safari niliipenda. Alianzia kwa mwenyekiti wa kitongoji, akaenda kijijini, kata, wilayani. Kila mahali anaulizwa: una ugomvi na nani, una kesi, unataka silaha ya nini. Kuna siku waliniita na mimi. Askari mmoja mtu mzima akamtoa baba yako nje, akafunga mlango, akaniuliza, "Mama, mumeo akilewa huwa anafanya nini?"

Evo, nimeolewa mbele ya padri, wazee wa pande zote mbili na wapiga picha, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikamwambia ukweli: anaimba. Akauliza anaimba nini. Nikasema nyimbo za kipaimara. Yule askari akacheka mpaka akafuta macho, lakini akaandika. Baadaye nilifikiri, kumbe serikali inaweza kumuuliza mwanamke habari za nyumba yake na ikaandika anachosema.

Tukaenda Mwanza, dukani. Muuzaji alikuwa mzee mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Baba yako alikuwa ameshapenda bunduki moja kubwa ukutani. Mzee akamwambia ainue mkono, akampima kwa macho, akasema, "Hiyo itakuangusha. Wewe ni mkulima, unataka ya marisau, ya kulinda shamba." Halafu akagundua sikio halisikii. Akamuuliza kulikoni. Baba yako akaanza ile hadithi ya ng'ombe. Mzee akamtazama tu, akasema, "Ng'ombe huyo alikuwa na risasi." Hakumdharau. Alimfundisha kuibeba, kuifungua, kuitoa risasi kabla ya kuingia mlangoni. Alikataa kutuuzia mpaka tumenunua na sanduku la chuma lenye kufuli. Nikadhani ni ujanja wa biashara. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama, na wewe sikiliza. Siku huyu akifa, usimpe mtu. Funga sanduku, nenda polisi. Nguo zake wagawane, ng'ombe wake wagawane, hii irudi serikalini. Anayeitaka akaanze upya kuomba kwa jina lake."

Baba yako akasema, "Mzee, unanizika nikiwa dukani?" Tukacheka wote. Lakini nilisikia. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, nilisikia neno kwa neno.

Bunduki ile ilikaa ndani ya sanduku lake miaka yote. Aliipiga hewani mara chache, nyani wakakimbia, na wezi nadhani walisikia. Kila walipotaka kuihakiki aliipeleka, akarudi nayo. Nililala usingizi. Siwezi kukudanganya kwamba sikulala.

Halafu baba yako akafa, unajua alivyokufa, presha, kwenye shamba, kisu cha kukatia migomba mkononi. Na ikafika siku ya kuanua matanga.

Wewe unaikumbuka kama siku ya sherehe. Hukuwa umeanza hata darasa la kwanza. Walikuvalisha koti la marehemu, likaburuta chini. Wakakukalisha kwenye kiti chake. Ta Byera, mkubwa wa ukoo wakati ule, akasema kwa sauti yake ile ya kanisani, "Sasa omusika ashike mkuki." Kwetu mrithi bila mkuki si mrithi, ni mtoto aliyevaa koti kubwa. Watu wakatazamana, kwa sababu mkuki wa babu yako mpini wake uliliwa na mchwa zamani, na chuma chake kuna mjomba alikichukua akatengenezea upondo wa kuangulia parachichi. Hakuna aliyeukumbuka mpaka ulipotakiwa.

Ndipo Projestus akasimama. "Kaka yangu alikuwa na mkuki wa siku hizi," akasema. Watu wakaitikia, eeh, kweli. Akaja mpaka nilipokaa na wanawake, akanyoosha mkono mbele ya wote. Alitaka ufunguo. Ulikuwa kiunoni mwangu, nimeufunga kwenye pindo la kanga.

Nikamwambia, "Shemeji, tutaangalia kwanza." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Mkono wake haukushuka. Nikamwona Ta Byera ananitazama. Nikawaona wale wazee wanaongojea waone mjane huyu ni wa namna gani. Wewe hujui jinsi mwanamke anavyotazamwa siku ile. Kibanja hiki si changu, hakikuwahi kuwa changu. Nilikilima, nikakitia samadi, nikakizalia, lakini nakikalia kwa sababu ya wewe, na wewe ulikuwa chini ya ulezi wao. Wangeweza kunirudisha kwetu na mabegi yangu na kubaki na wewe. Nikafungua pindo, nikampa ufunguo. Walipokuwekea bunduki mikononi, wanawake wakapiga vigelegele. Nikapiga na mimi. Sauti yangu ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote, nilitaka waisikie.

Mpigapicha akapiga ile picha. Nusu saa haikupita, Projestus akasema mtoto hawezi kukaa na silaha, atamshikia. Akaifunga kwenye kitenge changu, akaiweka kwenye pikipiki, akaenda nayo kwake Ihanda. Kukushikia. Nikilikumbuka neno hilo nataka kutema mate.

Ulipokuwa darasa la nne, nilikuwa nageuza kahawa uani nikaona askari wawili wanashuka kwenye gari. Watu wa adabu.

"Shikamoo mama," wakasema.

"Marahaba."

"Tunamuulizia Leopold."

"Yupo," nikawaambia. "Piteni hapo nyuma, kwenye migomba."

Sikuwa nawadhihaki. Nilidhani ni watu aliofahamiana nao, wamekuja kuzuru kaburi. Wakaenda wakakuta msalaba. Waliporudi, yule mdogo alikuwa ameishika kofia yake mkononi. Yule mkubwa akasema, "Pole sana, mama. Bunduki ya marehemu imepatikana. Na aliyekutwa nayo si marehemu."

Projestus aliiuza. Aliiuza kwa mfanyabiashara wa ng'ombe, juu ya kibuyu cha rubisi, mkono kwa mkono. Yule akawauzia vijana. Vijana wakaisimamisha bodaboda kwenye barabara ya Isingiro, dereva akakataa kuiacha pikipiki ya watu, wakampiga marisau mguuni. Walipokamatwa, polisi wakasoma namba iliyochongwa kwenye chuma, wakafungua kitabu chao, wakakuta jina la baba yako. Kwenye kitabu kile baba yako alikuwa bado hai, kwa sababu hakuna mtu wa nyumba hii aliyekwenda kuwaambia kwamba amekufa. Aliyepaswa kwenda ni mimi.

Waswahili wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Kwetu aliyelichuma alilala kwake Ihanda, tukalila sisi. Walipomfuata alisema ufunguo wa sanduku anao mjane, yeye hajui. Nikachukuliwa mimi. Wewe uliambiwa nimekwenda Bukoba kutibiwa tumbo, na uliporudi shuleni ukanichorea picha ya hospitali. Sikuwa Bukoba. Nilikuwa mahabusu hapa hapa wilayani, nimekaa sakafuni na wanawake wawili, mmoja mwizi wa kuku, mwingine hakusema kosa lake.

Sitaki unionee huruma. Nataka ujue chakula kilikuja vipi. Ma Koku, huyu jirani yetu unayemkwepa kwa sababu ana maneno mengi, kila siku alinifungia ndizi kwenye jani la mgomba, akapanda boda, akakaa pale nje kwenye jiwe mpaka nimalize. Hakuniuliza kama nina kosa au sina. Siku moja nikamwambia anajichosha. Akasema, "Kula, zinapoa." Katika ukoo mzima wa baba yako, wenye mrithi na kiti na mkuki, hakuna aliyeniletea hata ndizi mbivu.

Walikuja kwa jambo jingine. Ta Byera alikuja na wenzake wawili, wamevaa makoti. Akainama karibu, akasema kwa kunong'ona, "Sema iliibiwa msibani. Watu walikuwa wengi, hukumwona aliyeichukua. Ukimtaja Projestus umemfunga mlezi wa mwanao. Na ukishamfunga, utarudi kibanja gani?"

Nikamwambia nitaangalia. Mara ya pili hiyo.

Kesho yake nikaandikisha maelezo kwamba iliibiwa msibani. Wakanikaripia kwa nini sikutoa taarifa, nikajifanya mwanamke mshamba asiyejua, wakaniachia. Nilipofika nyumbani Projestus alikuwa amekaa uani na zawadi. Aliniletea kitenge kipya, kufidia kile alichofungia bunduki. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikasema asante shemeji, nikampikia. Unaona kasoro yangu? Kile kitenge nilikifunikia samadi mpaka kikaoza, lakini hilo aliliona mbuzi tu.

Sasa nisikilize vizuri. Yule dereva wa bodaboda ni Shukuru. Ndiyo, Shukuru fundi baiskeli wa Isingiro, mwenye magongo. Mguu haukupona, ukakatwa. Najua leo umepita kwake, hujawahi kufika Isingiro bila kusimama pale. Amekujazia upepo bure tangu baiskeli yako ya kwanza, anakuita shemeji, anakutania kwamba utaoa Mwanza. Hajui. Anajua bunduki iliibiwa kwa mjane mmoja wa Kamuli, na aliwahi kunipa pole. Alinipa pole mimi, Evo, ameshikilia gongo. Waliompiga walifungwa. Aliyewauzia alipotea. Na aliyemuuzia huyo aliyewauzia, jana alikuwa kwangu anachagua mnofu.

Ndiyo maana nina hasira. Nina hasira na Ta Byera, Mungu amrehemu, lakini nina hasira naye. Nina hasira na lile jamaa la gobore. Nina hasira na wanawake wa ukoo waliojua na wakaniambia nivumilie, kwamba mvumilivu hula mbivu. Nilichokula mimi nakijua. Na nina hasira na wewe, kwa sababu mimi walinitisha kwa ujane wangu, na wewe hakuna aliyekutisha. Umesimama kwenye kibanja chako mwenyewe, umeshiba, ukasema nitaangalia.

Jana Projestus alipokuletea ile picha ameitia fremu, zawadi ya kukuaga, ukaipangusa kwa shati lako na kuilaza juu ya nguo kwenye begi. Leo ulipoondoka nimeitoa kwenye fremu. Nilichukua mkasi nikitaka kuikata ile bunduki nikubakishe wewe na koti. Nikaanzia juu, kwenye mdomo wake, nikashuka taratibu. Nilipofika kwenye kitako nikakuta vidole vyako vimekizunguka, vidogo, umekishika kweli kweli kama ulivyoambiwa. Hakuna njia ya mkasi pale. Nimeirudisha kwenye begi na ule mchano wake, utauona. Fremu nitaiwekea picha ya kipaimara chako.

Hata hivyo sitaki ufikiri mrithi ni neno la kuchekwa. Kiti cha baba yako ni chako. Kibanja ni chako, na ukirudi na mke nitawaachia nyumba kubwa nihamie jikoni kwangu. Ukitaka mkuki, mhunzi yupo, atakufulia mkuki wa chuma wenye mpini wa mti, uuegemeze ukutani, wajukuu wangu waje kuuliza ni wa nini. Mkuki hauna namba. Bunduki ina namba, na namba ile haijui mambo ya ukoo. Na kama siku moja una shamba la kulinda na moyo wako unataka silaha, pita njia aliyopita baba yako mara ya pili, mlango kwa mlango, na wakimwita mke wako ndani na kufunga mlango, wewe kaa nje utulie na umwache aseme.

Kesho basi likishaondoka sitarudi nyumbani moja kwa moja. Nitapanda boda mpaka Isingiro, nitakaa kwenye kile kibenchi cha Shukuru, nitamwambia bunduki ilitoka kwa nani na ilipita mikono ya nani. Sijui atasema nini. Akitaka twende polisi, tutakwenda, na nitayafuta yale maelezo yangu. Projestus nimemtumia ujumbe mchana huu asije kukusindikiza, na nimemwambia kwa nini. Amepiga simu mara nyingi. Sijapokea, ningemkaribisha chakula.

Limebaki hili moja, nalo ndilo lililonikalisha hapa kuandika. Nikisikia umemtafutia baba yako mdogo bunduki, iwe kuukuu, iwe mbovu, iwe ya bure, sitakuonya mara ya pili. Nitavaa gauni langu la kanisani, nitakwenda kituoni mchana kweupe, na nitakutaja. Nitalitaja jina lako la ubatizo na la ukoo, nitawaambia na kampuni yako, ili wasikukose. Usidhani mama hawezi. Nilishindwa kumnyima ufunguo mtu nisiyempenda, nikashindwa na kumtaja, na nimeona inavyogharimu, na aliyelipa ni Shukuru.

Wakishakuchukua nitarudi nyumbani nimenye ndizi. Nitazifunga kwenye jani, nitapanda basi mpaka huko watakakokuweka, na nitakaa pale nje mpaka umalize kula.

Mama yako